Kobe Aliyelala Ndani ya Tanuru la Makala

Jua limeanza kupanda nje kidogo ya Tenke. Mama Joyeuse Kalumba amepiga magoti mbele ya tanuru lake la makala, kama makaa yanavyoitwa hapa. Magogo yamekwisha kufunikwa majani na mabonge ya udongo. Umebaki mdomo mmoja wa kutilia moto. Lakini hawashi. Anatazama vumbini, penye alama za kucha zinazoingia mdomoni humo. Za kutoka hakuna.

“Fulwe eko ndani,” anamwambia shemeji yake, Banza. Ndilo jina la kobe hapa.

Banza analaza jembe, anamkumbusha lori la mnunuzi wao. “Mama, kamio ya Hassani inakuya wiki ijayo. Utamwambia makala haiko sababu fulwe alikuwa analala?”

“Nitamwambia hivyo.”

Wachoma makala hukata miti kiangazi kinapoanza, wakaipanga na kuiacha ikauke. Kobe naye, mvua zikikatika, hutafuta kivuli na majani makavu, ajifukie, alale bila kula mpaka ardhi ilowe. Manyunyu ya juzi yalimdanganya huyu akaamka. Jua liliporudi, kivuli cha karibu kilikuwa tanuru.

Mwaka jana, Mama Joyeuse alikuta gamba katikati ya makala yake. “Nilishika, ikavunjika mu mikono sawa biskuti,” anasema. “Ile siku sikukula.”

Basi wanabomoa. Udongo uliopangwa kwa siku nzima unamomonyoka, gogo baada ya gogo linatolewa. Adhuhuri wanamwona: wa kahawia, mpana kama sahani, sehemu ya nyuma ya gamba, inayokunjika kama yenye bawaba, ameishusha, miguu ya nyuma na mkia havionekani.

“Amefunga mulango ya nyuma,” Banza anacheka. “Na mwizi akipita mbele?”

“Mbele anaweka mikono. Wewe hata dirisha hauna.”

Banza anataka wampeleke mtoni. Mama Joyeuse anakataa: huyu si wa maji, atazama. Anambeba hadi kwenye kichuguu chenye miti michache, anamfunika majani.

“Ile miti tulisema tutaikata mwaka kesho,” Banza anakumbusha.

Mama Joyeuse anapangusa mikono kwenye kitenge. Kamio ya Hassani itapakia makala ya wengine; yake, itakayochelewa kuiva, itangoja safari nyingine, na ada ya shule ya watoto itangoja pia.

“Hii haitakatwa,” anasema. “Na kuni zangu nitapanga mahali peupe, pasipo jani hata moja. Mvua ikinyesha uyoga utaota hapa, atakula. Mi nitakuya kuchuma ile atabakisha.”

Kisha anarudi kupanga magogo upya.