Mgeni Chumbani Kwangu

Mwanangu alinikuta jikoni nachambua maharage, akavuta kigoda, akakaa. Mwanaume mzima na ndevu zake akikaa kwenye kigoda cha jikoni, ujue ana la kuomba. Nikamwambia, "Sema tu, usinizungushe."

Akasema wageni wa kanisa lao wanakuja. Wazungu, kundi zima, wiki mbili za kuhubiri mitaani na kupaka rangi jengo la watoto. Waumini wamegawana wageni hao majumbani, na yeye amepewa mmoja, dada mmoja wa umri wa mke wake. Ila mgeni anahitaji chumba chenye kitanda kizuri, karibu na choo cha ndani. Sasa choo cha ndani katika nyumba ile kimepakana na chumba changu. Nikamwelewa kabla hajamaliza.

"Kwa hiyo mimi nilale wapi? Darini?"

"Siku chache tu, mama. Kwa mama mdogo, kule Msamala. Si huwa unalalamika kwamba hamwonani?"

Nyumba ile ya Mjimwema tuliijenga mimi na marehemu baba yake kwa mishahara ya ualimu, tofali kwa tofali. Mwanangu na mkewe walihamia kwangu baada ya harusi, nami nikafurahi, maana upweke ulikuwa unanimaliza. Leo eti niwapishe! Ulimi ulishaanza kuniwasha. Lakini nilipomtazama usoni niliona kitu ambacho nilikuwa sijakiona tangu amalize chuo. Kijana alikuwa na matumaini. Alishazunguka na bahasha ya vyeti mpaka kona zake zikachakaa. Kanisa lile la walokole ndilo lililompa kazi ya kwanza, ya ukalimani, na wakamwambia kwamba wageni wakimpenda wataendelea naye. Mzazi gani angekataa? Nikasema haya.

Siku ya kuondoka nilimkuta chumbani kwangu amepanda juu ya kiti, anashusha picha ya Bikira Maria ukutani. Aliponiona nusura aanguke.

"Vumbi, mama. Naifuta tu."

Kisha akaifunga kwenye kanga yangu na kuisukumia chini kabisa ya begi langu, pamoja na rozari na kalenda ya parokia. Jamani, vumbi gani hilo linalofutwa na kufungashiwa safari? Wanafunzi wangu walikuwa wakisikia tu viatu vyangu barazani wanaacha kupumua, lakini siku ile mimi ndiye niliyeinamisha macho. Niliona aibu, kana kwamba mimi ndiye niliyefumaniwa. Nikafunga zipu ya begi mwenyewe.

Mdogo wangu alinipokea kwa vigelegele, akanipa kitanda cha binti yake. Shida ilikuwa majirani. Nusu ya mtaa ule nimewafundisha kusoma. "Shikamoo mwalimu! Umetutembelea?" Nikawa najibu marahaba, nyumba yangu inapigwa rangi, harufu inanisumbua kifua. Uongo mtupu! Mtu mzima kudanganya vijana kwa ajili ya kitanda chake mwenyewe! Kila nikisalimiwa uso uliniwaka, na mwishowe nikawa sitoki, nashinda uani nikijifanya naanika mahindi.

Siku mbili tatu baadaye ukafunguliwa mkutano wa injili kwenye uwanja ulio karibu na pale. Spika zilikuwa kubwa kiasi kwamba hata ukikaa chooni unahubiriwa. Nikaisikia sauti ya mwanangu ikitafsiri, inapanda na kushuka vizuri, haitafuti maneno. Moyo ukanijaa. Nikamwambia mdogo wangu, "Jitande kanga, twende tukamwone mtoto."

Tukasimama nyuma kabisa, karibu na mama muuza nyanya. Mwanangu alikuwa jukwaani amevaa suti ya harusi yake, na pembeni yake yule dada wa Kizungu, pua imebabuka kwa jua letu. Anasema sentensi moja, mwanangu anaipokea. Nilisahau uongo wote wa wiki ile. Nikawa namnong'oneza muuza nyanya, "Yule wangu, yule."

Ndipo mgeni akaanza kusimulia habari za nyumba anamolala. Kiingereza nimekifundisha miaka mingi, kwa hiyo niliyapata maneno mara mbili, kwanza kwake, kisha kwa mwanangu. Alisema katika nyumba ile kuna mama mzazi ambaye bado hajamjua Mungu. Anaabudu picha. Aliposikia watumishi wa Mungu wanakuja, akakimbilia kijijini ili asikutane nao. Mwanawe amemweleza hayo kwa machozi.

Na mwanangu akayasema yote kwenye spika, kwa Kiswahili kizuri ambacho hata mtoto mdogo angekielewa.

Mimi! Niliyebatizwa ningali nabebwa mgongoni! Niliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya, niliyewafundisha watoto wa watu kujiandaa kwa komunyo ya kwanza! Nimekimbia! Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Muuza nyanya alinitazama, akageukia nyanya zake, akaanza kuzipanga upya ilhali zilikuwa zimepangika. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mgeni akaomba watu wanyooshe mikono wamwombee mama huyo. Ikapanda mikono uwanja mzima. Nikageuka, nikamkuta mdogo wangu naye ameanza kunyoosha wa kwake.

"Shusha mkono wewe!"

"Dada, nilidhani ni mama mwingine," akasema, akauficha ndani ya kanga.

Sikula usiku ule. Asubuhi nikapanda bajaji mpaka Mjimwema. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno, na yalikuwa makali, nakuambia. Mwanangu nilimwandalia ya kwake, mchungaji wao ya kwake, na yule dada naye angepata ya kwake kwa Kiingereza. Nikateremka, nikavuka uwanja ninaoufagia kila siku, nikafika mlangoni. Mlango ulikuwa wazi. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema, "Hodi."

Hodi! Nyumbani kwangu! Maneno yote ya kwenye bajaji yakaniishia pale pale.

"Karibu!" akaitikia yule dada. Akaja mbio, amejifunga kitenge cha mkwe wangu, akanishika mikono yote miwili. "Karibu, karibu sana!" Akanikalisha kwenye kochi, akaniletea maji kwa bilauri zangu za wageni. Nilikuwa nimekuja nimchukie, nikashindwa. Hakuwa na hila hata chembe.

Mwanangu akatokea koridoni, anafunga vifungo vya shati. Akaniona na bilauri mkononi. Vidole vikasimama kwenye kifungo. Mkewe alichungulia kutoka jikoni, akarudi ndani.

Mgeni akamgeukia, akamuuliza kwa Kiingereza mama huyu ni nani.

Nikamsubiri. Alijua, na mimi nilijua, kwamba akisema huyu ndiye mama yangu, yule dada ataniuliza habari za kijijini nilikokimbilia, nami nitamjibu, na kazi itakuwa imekwenda na maji. Hasira zikanipanda. Ningeweza kumjibu mgeni mwenyewe. Sikutaka. Nilitaka jibu lipite mdomoni mwa mwanangu.

"Mwambie," nikasema kwa Kiswahili, nikimkazia macho, "mwambie mimi ni jirani. Nimekuja kuomba chumvi."

Nilikuwa nampa nafasi. Moyoni nilikuwa namwomba Mungu, huyo huyo wanayesema simjui, mwanangu asiyatafsiri maneno yale. Acheke, alie, hata anigombeze, "Mama, acha hizo." Chochote.

Akatafsiri. Jirani, na chumvi, hakuacha hata neno moja.

Mgeni akafurahi kupata la kusaidia. Akakimbilia jikoni, nikasikia kabati langu likifunguliwa, akarudi na kikombe cha chumvi kimejaa mpaka juu. Akamwambia mwanangu neno.

"Anauliza kama inatosha," mwanangu akasema, anatazama sakafu.

Nikakipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Mwambie asante," nikasema. "Inatosha."