Mama aligoma kupima ini, daftari lake la nota za kwaya likamtoa nyumbani

Kamwene wakuu. Leo nina furaha, acheni niwape kisa cha nyumbani kwetu Iringa. Sijaongeza chumvi.

Nafanya kazi maabara hapa Mbeya, naishi mtaa wa Soweto. Mama yuko Iringa, anaimba alto kanisani. Ana virusi vya homa ya ini B, na daktari alimwagiza apige ultrasound kila miezi sita.

Akagoma. Babu, baba yake mzazi, alikufa kwa saratani ya ini, basi kwa mama kesi imeisha.

"Ni ya ukoo hiyo baba, imeandikwa. Kupima ni kujitafutia presha."

Nikabembeleza, nikanuna. Wapi.

Krismasi nikaenda. Nikamkuta anagawa nota. Kitabu cha mwalimu wa kwaya hakitoki kabatini, mama ndiye anakopi kwenye daftari, wenzake wanakopi kwake. Shida ni moja: nota isipomkaa sikioni, anaibadilisha kimya kimya. Alto nzima inakosea, na kitabu kiko safi kabatini.

(Msicheke, kila usharika una mtu wa hivi.)

Nikamwambia, "Mama, ini nalo lina kitabu, ndiyo DNA. Seli inafanya kazi kwa kopi yake, inaitwa RNA. Kuna wahariri wanaobadilisha herufi kwenye kopi. Ni kazi yao, ila kwenye baadhi ya saratani za ini wanazidisha, seli inatii kopi na kukua hovyo. Si yote yameandikwa ukoo. Mengine yanaharibikia njiani, na yakiwahiwa yanatibika."

Akafunga daftari.

"Unasema ndani ya ini langu kuna mtu kama mimi?"

"Wapo, mama."

"Basi hiyo ni hatari. Twende."

Ultrasound ikaonyesha uvimbe. CT scan ikathibitisha: saratani, ndogo, haijasambaa. Kama ililetwa na hao wahariri sijui, hakuna aliyepima hilo. Madaktari wakaukata uvimbe wote. Nililia koridoni mtu mzima mimi, na sioni aibu.

Wiki iliyopita majibu yametoka safi tena.

Nilichojifunza: ini haliumi mapema, ukisubiri maumivu umechelewa. Na mzazi mgumu hashindwi kwa hofu, mweleze kwa kitu anachokijua.

Nimempigia sasa hivi kumwambia naandika uzi huu. Kanikatia simu, anapalilia viazi na mvua inakuja.

Wenye wazazi wagumu karibuni, nyie mliwapelekaje hospitali?