Aliyeficha karatasi yangu sasa anaomba ushahidi wangu

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana Baraka ni mji mdogo na watu wa hapa wanajua kuunganisha maneno. Mimi ni mama wa miaka arobaini na minane, nina watoto wanne; niiteni Mama Riziki, ingawa si jina letu la kweli. Baba yao alikwenda kuchimba dhahabu Lulimba, akaoa huko, akatusahau. Huyo nilishamsamehe. Ninayemleta kwenu leo ni jirani yangu, nitamwita Baba Sifa, na huyo sijamsamehe.

Nyumba yangu niliijenga kwa ndakala. Nilikuwa nashuka Kazimia, nanunua samaki hao wadogo, nawauza sokoni Baraka, narudi na matofali. Miaka tisa! Nyumba ilikaa kando ya barabara, na Baba Sifa alikuwa nyuma yangu, akitaka kutoka anapita pembeni ya jiko langu. Sikuwahi kumfungia njia.

Mwaka jana baraza la komini, yaani serikali ya mji wetu, lilikaa kupanga bajeti. Wakaamua kujenga kituo cha magari kwenye barabara yetu, na vibanda vya kupangisha, ili kodi iingie. Nyumba ya kando ya barabara isiyo na karatasi ya kiwanja itabomolewa, yenye karatasi itabaki. Kila mtaa umtume mtu mmoja na karatasi za wenzake. Sisi tulimtuma Baba Sifa kwa sababu anajua Kifaransa. Mimi nilikuwa na safari ya Kazimia, nikamkabidhi yangu kwa mikono miwili.

"Mama Riziki, wende na amani," akaniambia. "Ya kwako ndiyo nitatoa ya kwanza."

Niliporudi alinirudishia karatasi, kichwa chini. "Balikatala, mama. Basema karatasi ya kuandika na mukono haina mana kwa leta, kwa serikali."

Nililia, na yeye akalia pamoja nami. Mnafiki mkubwa! Wiki mbili baadaye katapila lilikuja. Watoto wangu walitoka wamebeba sufuria na mlango, basi. Leo tunapanga chumba kimoja kule juu, mvua ikinyesha tunasogeza godoro.

Mwezi haujaisha, Baba Sifa akatoboa ukuta wake, akaweka milango miwili ya duka. Nyumba yangu imeondoka, ya kwake imekuwa ya barabarani. Hata hapo sikuelewa, niliona ni bahati yake tu. Nilielewa siku nilipokwenda komini kuuliza kama ningepata kibanda. Karani akafungua orodha, akanitazama kwa huruma.

"Karatasi ya kwako hatukuionaka, mama. Na zile za mukono zote zilipita."

Niliketi chini palepale mbele ya watu. Jioni nilimfuata Baba Sifa dukani kwake, nikamuuliza. Alisema labda ilisahaulika mfukoni. Mfukoni! Nilirudi komini na karatasi yangu kushtaki, wakaniambia nyumba imeshabomolewa na bajeti imeshafungwa.

Sasa sikilizeni. Malipo ni hapa hapa duniani. Mwezi huu wamekuja watoto wa mzee aliyemuuzia Baba Sifa kiwanja cha nyumba yake. Mzee ameshafariki, na wao wanadai baba yao alimwazima tu, hakuuza. Karatasi ya Baba Sifa ilipotea tulipokimbilia ng'ambo ya ziwa wakati wa vita. Sasa kwetu hapa mtu akinunua kiwanja anachinja mbuzi, majirani wa mipaka wanashika kamba wanapima pamoja, halafu wanakula. Aliyekula mbuzi huyo ndiye shahidi mpaka kufa. Siku ya Baba Sifa tulikula watu watano. Watatu wamekufa, mmoja alibaki ng'ambo, hatujui yuko wapi. Nimebaki mimi.

Jumapili alikuja kwangu na mke wake, wameshika kuku. Sikuwapa kiti.

"Mama Riziki, siombi uongo," akasema. "Useme tu yenye ulionaka."

"Na siku ya komini, nani alikukatazaka kusema yenye ulionaka?"

Mke wake ndiye aliyepiga magoti. "Dada, batoto betu batalala wapi?"

Niliwaambia waondoke na kuku wao. Nawaambieni ukweli, usiku huo nililala usingizi mtamu ambao sijaupata tangu nyumba ianguke. Na kesho yake niliwaendea wenyewe wale watoto wa mzee, nikawaambia: "Mimi sikumbuki mbuzi yoyote." Walifurahi sana. Lakini nakumbuka yote. Alikuwa mbuzi mweusi, mzee alihesabu franga zake mara mbili mbele yetu, na mimi mwenyewe nilishika ncha ya kamba upande wa mtoni.

Alhamisi tunaitwa kwa shefu wa kitongoji. Nikisema sikumbuki, Baba Sifa anatoka, na ninataka nimwone anavyobeba mlango wake kichwani kama mwanangu alivyobeba wetu. Kinachonisumbua ni huyo mke wake. Nyumba yangu ilipobomolewa, yeye ndiye aliyewalaza watoto wangu sebuleni kwake wiki tatu, akawapikia bugali, na naamini hakujua mume wake alifanya nini. Binti yangu Riziki ameacha kula nami tangu aliposikia nilichosema. Ananiambia, "Mama, sasa weye na Baba Sifa muko sawasawa."

Ndugu zangu, nipeni shauri kabla ya Alhamisi. Niseme kweli, yule mtu aendelee kuuza soda pale palipokuwa mlango wangu? Au nifunge mdomo, naye aonje? Ila anayetaka kuniandikia "samehe, dada", kwanza aniambie yeye analala chini ya bati la nani.