Kijiko Kwenye Pembe ya Fahali

Nilifika darasa la Kijerumani nimechelewa, mtoto mgongoni, na kabla sijaingia nikamsikia wifi yangu akimjibu Sista: "Uma uko mekoni, kwa yule bibi mnene. Anajichania nywele." Darasa zima likaangua kicheko. Bibi mnene huyo ni mama yangu mzazi, marehemu. Nikaingia, nikampokonya chaki. "Toka nyumbani kwetu!" Wakadhani nimerukwa na akili, maana pale palikuwa misheni ya Iringa, si nyumbani kwa mtu.

Sista, mkunga wa Kijerumani, alikuwa anahamia Mbeya kufungua zahanati, na angechukua mwanamke mmoja anayejua Kijerumani akamfundishe ukunga. Mimi nilisoma hadi darasa la kumi, kisha nikaolewa, nikawa mtu wa kuchota maji. Nafasi ile niliitaka kuliko kitu chochote.

Tatizo la Kijerumani, kila kitu ni dume, au jike, au si hiki wala kile, na usiulize sababu. Mwezi dume, jua jike. Wenzangu walikariri, kesho yake wamesahau. Mimi nilifumba macho nikarudi kwetu. Madume nikayapeleka zizini: kijiko nikakining'iniza kwenye pembe ya fahali mwekundu wa baba. Majike nikayapeleka mekoni: uma mama anachania nywele, mlango mzima kaufunikia chungu. Vilivyobaki nikavitupa ndani ya kihenge, tulimohifadhi mahindi. Kisu nikakichomeka humo. Sista akitaja kijiko, namwona fahali. Nilikuwa sikosei.

Nilimsimulia mume wangu peke yake. Naye akampa dada yake. Kwao wifi hapigi hodi. Chumvi yangu alichukua, khanga yangu alichukua, "kwa kaka yangu hapa, au?" nami nikanyamaza kwa kuwa ndiyo desturi. Jioni nikisonga ugali niliwasikia sebuleni wakicheka, mume huyo huyo ambaye mimi alinijibu "mh" na "sawa". Nilidhani wanapiga soga. Kumbe alikuwa anamtembeza kwetu, kuanzia zizini mpaka mekoni! Na mwenzangu hana mtoto mgongoni. Gauni limepigwa pasi, hachelewi hata siku moja.

"Wifi, si maneno tu?" alinicheka siku ile ya chaki. "Ulitaka nije nikuombe uma wa mama yako?"

"Ungeomba, ningekunyima."

Nyumbani mume wangu akasema, "Mama Mtoto, unamwonea wivu dada yangu."

"Ndiyo, namwonea. Sasa?"

Sista akamchagua wifi. Basi nikaenda mbele ya wazee wa usharika, mtoto analia, nikasimama nikasema, karani akaandika:

"Nawashitaki wifi yangu na mume wangu. Wamechukua njia yangu ya kukumbuka bila idhini yangu, wakamfanya marehemu mama yangu kichekesho. Desturi inampa wifi nyumba ya kaka yake. Haimpi nyumba ya mama yangu. Naomba Sista atuletee maneno mapya ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuyasikia, atupime sote wawili siku moja, mbele yenu. Na mtoto wangu asihesabiwe kuwa ni kosa. Nikishindwa, wifi aende Mbeya, na sanduku lake nitalibeba mwenyewe hadi kwenye basi."