Gari Fupi Nililolichagua

Siku yangu ya kwanza kazini Sumbawanga nilishtuka kabla sijavua koti. Nilikuwa nimetoka Mbeya juu ya lori, vumbi mpaka kwenye nyusi, na mfukoni nina barua ya ajira ya dereva-fundi. Afisa Usafirishaji alinipokea mlangoni mwa karakana. Alikuwa Mnyakyusa mwenzangu, mrefu, mkimya, amejifunga skafu shingoni kwa ajili ya baridi ya Ufipa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Unajua kuendesha?”

“Najua.”

“Kila anayekuja hapa anajua. Kukwamua je?”

Akanionyesha magari saba yaliyopangwa uani. Nikauliza niendeshe lipi. Akasema yanayotembea ni mawili. Mengine yalikuwa yamevunjika springi, ekseli au difu, lile bakuli la meno ya chuma lililo katikati ya ekseli, linalogawa nguvu kwa magurudumu. Yote yaliumia njiani, hakuna hata moja lililochakaa kwa umri. Nilijiuliza hizo njia zikoje.

Wiki hiyohiyo nikazijua. Vijana wa leo mnaokwenda Kabwe kule ziwani asubuhi na kurudi jioni hamwezi kuamini. Ilikuwa miaka ile watu walipohamishiwa katika vijiji vya Ujamaa. Kijiji kilianza ndani ya mwezi mmoja, kikapata mwenyekiti, katibu na shamba la pamoja la mahindi, lakini barabara haikuja nacho. Kilichokuwepo ni njia iliyochimbwa na mikokoteni ya ng'ombe. Landrova zetu ndefu zilikuwa imara, ila zilikuwa nzito, na masika zilikaa kwenye matope hadi wanakijiji waje na majembe.

Ndipo ikaamuliwa idara yetu ya afya ipate magari madogo yanayovuta kwa magurudumu yote manne, kwa ajili ya wauguzi wanaozungukia vijiji. Yaliletwa mawili ya majaribio. Moja lilikuwa fupi, jembamba, jepesi, turubai juu, linageuka mahali padogo kama baiskeli. La pili lilikuwa la kijani, pana, lenye kelele, na usukani wake ulitaka mabega ya mbeba magunia. Afisa alinikabidhi yote mawili.

“Ambakisye, utakalosema ndilo tutakaloagiza. Wauguzi watapanda hilo kwa miaka mingi.”

Nilifanya kazi kwa moyo. Nilipima urefu kutoka ardhini hadi chini ya difu, maana hapo ndipo gari hukwaa jiwe. Nilivuka mito. Nilipanda milima ya Mbizi kwa gia nzito, ile ndogo inayotembea polepole kwa nguvu nyingi. Nilipima mafuta. Kila mahali gari fupi lilishinda. Mahali pekee ambapo sikulipeleka ni kwenye njia zenyewe za mikokoteni, kwa kuwa nilidhani gari linaloweza mlima linaweza chochote. Nikaandika taarifa. Afisa akaisoma mara mbili.

“Una uhakika?”

“Nina uhakika, mzee.”

Akatia saini chini ya yangu.

Siku mbili baadaye, kabla taarifa haijapelekwa kwa Mkuu wa Idara, Nesi Restituta aliomba gari. Huyu alikuwa Mfipa, binti wa wakulima wa ulezi, mama wa makamo ambaye wauguzi vijana walimwogopa kuliko daktari. Kulikuwa na mama mwenye uchungu wa tangu jana katika kijiji kipya, mbele sana ya Kasense. Nilichukua gari fupi, na nikafurahi kupata nafasi ya kulionyesha.

Tulifika salama, kwa sababu tulikwenda kwa kukata malishoni. Wakati wa kurudi mvua ilikuwa imelowesha malisho, ikabidi tushike njia ya mikokoteni. Mgonjwa alilala nyuma, na Nesi amemshika. Magurudumu ya mikokoteni yalikuwa yamechimba mifereji miwili, kila mmoja ukifika magotini. Gurudumu langu la kushoto likaingia kwenye mfereji. La kulia halikuufikia wa pili, likapanda juu ya tuta la katikati. Gari likainama. Nikavuta usukani, haukuitika. Lilizidi kuinama polepole, nikiona kila kitu, nikiwa sina la kufanya, mpaka likalala ubavu.

Kisha nikamsikia Nesi akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Ambakisye, zima injini.”

Nilipomtoa niliona mkono wake wa kulia umepinda mahali pasipo na kiungo. Yeye hakuutazama. Alimtazama mgonjwa, ambaye hakuwa na jeraha ila alikuwa analia kwamba mtoto anakuja. Wanawake waliokuwa wakipalilia karibu wakaja mbio. Nesi akawaambia wafungue kanga zao wafanye kizuizi, akanituma maji. Nikiwa nyuma ya kizuizi nilimsikia akiwaelekeza kwa Kifipa, akitumia mkono mmoja, na mara mbili sauti yake ikakatika kwa maumivu. Mtoto alizaliwa pale kando ya gari langu lililopinduka. Alikaa kimya muda niliouona mrefu kuliko safari yangu yote kutoka Mbeya. Halafu akalia. Nami nikalia.

Mzee mmoja alileta mkokoteni wa ng'ombe wawili. Tukawapakia mama, mtoto na Nesi, nami nikafuata nyuma kwa miguu. Hapo ndipo niliposhtuka kweli. Magurudumu ya mkokoteni yalikaa ndani ya mifereji yote miwili, ukaenda umenyooka kama treni. Nikakata kijiti, nikapima umbali kati ya mifereji hiyo miwili. Gari fupi lilipovutwa hadi karakana, nilikipima kati ya magurudumu ya yote mawili: lile la kijani lililingana nacho. Fupi lilipungukiwa kwa kiganja kizima.

Nilimweleza Afisa kila kitu. Alifunga mlango.

“Andika usukani ulikatika,” alisema. “Gari likilaumiwa, wewe na mimi tunapona.”

Sikuamini masikio yangu. Huyu ndiye aliyenifundisha kutodanganya hata kilomita moja kwenye kitabu cha safari.

“Mzee,” nikasema, “tukiandika hivyo, wataagiza haya haya yenye usukani imara zaidi.”

Akavua skafu, akaikunja, akaiweka mezani. “Nenda nyumbani,” akasema.

Nilirudi nyumbani Katandala nikijua kazi imekwisha. Asubuhi nilikuta amekwisha kwenda kwa Mkuu wa Idara na kijiti changu mkononi. Alisema saini ya mwisho ilikuwa yake, na kwamba kijana alimweleza ukweli. Wiki haikuisha akahamishiwa stoo ya vipuri mkoa mwingine, cheo cha chini. Aliondoka na lori la alfajiri bila kuniaga. Magari ya kijani yakaagizwa. Wauguzi walilalamikia kelele zake, lakini miaka yote niliyokuwa pale hakuna lililopinduka kwenye mifereji. Baada ya muda niliwekwa kwenye kiti cha Afisa, na siku ya kwanza nilishindwa kukikalia. Nilisimama mpaka mchana.

Nesi Restituta alirudi kazini, mkono haukunyooka tena. Nilipomwomba msamaha alisema, “Ulipima gari vizuri. Ila njia hukuipima.” Akaniagiza nikalete kutoka karakana pikipiki aliyozoea kuendea vijiji vya karibu.

Sasa nimestaafu. Watu huja kuniuliza wanunue gari gani dogo la shamba, wakitaka nitaje jina. Huwauliza wametembea kwa miguu njia hiyo mara ngapi, na wengi huona nimezeeka. Simlaumu yeyote. Kinachoniuma ni kingine. Yule Afisa nilimwandikia barua tatu za shukrani, nikazichana zote kwa kukosa maneno yanayotosha, nikaahidi kuandika ya nne nikipata nafasi. Nilipoipata nikaandika, na aliyenijibu alikuwa mjane wake.