Roboti Linalocheka

Nilimpokonya muuzaji kipaza sauti pale gulioni Dutwa, baada ya binti yangu kulikumbatia roboti lake la kunyunyizia dawa ya pamba. Lilikuwa la njano, lina macho makubwa na mdomo unaocheka, na dawa ilidondoka hadi kwenye gauni la mtoto.

"Mama, rangi hii tumeichagua ili watu walipende," alisema muuzaji.

"Unamvutia nani? Wadudu wa pamba?" nilimuuliza kwenye kipaza sauti.

Nilipokuwa namwosha mtoto bombani, ile harufu kali ilinirudisha utotoni kwetu, mchana ule baba alipoleta pampu mpya ya dawa, ya kubeba mgongoni. Nayo ilikuwa ya njano, inang'aa kuliko kitu chochote nyumbani, na mimi na mdogo wangu tuliigombania kama mwanasesere. Mama alikwenda zizini, akachota mavi mabichi ya ng'ombe, akaanza kuipaka.

"Mama Kabula, pampu mpya unaipaka mavi?" baba alifoka.

"Wanao hawabusu mavi," alijibu, akaendelea kupaka.

Nililia hadi jioni, nikidhani mama anachukia vitu vizuri. Sasa nami ni mama. Niliporudi na muuzaji akanicheka, nilikwenda moja kwa moja ofisi ya kata, nikaandika:

"Nalalamikia roboti la sumu lililotengenezwa kama mwanasesere. Mwanangu amelikumbatia. Naomba lisionyeshwe tena mbele ya watoto mpaka lifutwe macho na lipakwe rangi ya kutisha. Na msinijibu kwamba hii ni teknolojia."