Bibi Stojanka na Upepo wa Madirisha Mawili

Maisha yake yote Bibi Stojanka alipigana na adui mmoja: upepo unaoingia dirisha hili na kutokea lile. Alisema ndio uliomuua mumewe, ingawa marehemu alianguka kwenye ngazi. Katika basi la kwenda mji wa Niš, katikati ya Julai, abiria wakivuja jasho, yeye ndiye aliyeinuka kufunga vioo, na hakuna aliyembishia. Habari za virusi vya mafua alizisikia redioni, akaziacha hukohuko.

Mwaka ule mwanawe Veljko aliahidi kumleta binti yake wa wiki tatu kwenye sikukuu ya Mtakatifu Nikola, mlinzi wa ukoo wao. Mjukuu wa kwanza huyo, na bibi alikuwa hajamtia machoni. Alitaka kumpakata, basi.

Siku mbili kabla, jirani yake Radoje alikuja kuonja rakia, pombe yake kali ya plamu, pua nyekundu, akambusu mashavuni mara tatu kama ilivyo desturi. Wakakaa jikoni, madirisha yamefungwa ndi, Radoje akipiga chafya.

"Rakia yako kali, Stojanka."

Siku ya sikukuu bibi aliamka kamasi zinamchuruzika. Akajisugua rakia kifuani kama dawa, akalowesha nayo na soksi alizovaa. Wageni walikuwa wamekwisha kujaa, bibi akiwaonjesha ngano ya sukari ya sikukuu, Veljko alipoingia na mkewe Tijana, mtoto kifuani.

"Mama, una mafua?" Tijana aliuliza.

"Nani, mimi? Pilipili hiyo." Akapiga chafya.

"Pilipili gani kwenye ngano ya sukari? Mama, mtoto huyu pua ikiziba hata kunyonya hawezi. Leo humpakati, unisamehe."

"Wewe ndiye uliyeacha mlango wazi! Upepo..."

"Mfungeni Stojanka kitambaa usoni!" Radoje alidakia.

"Nyamaza wewe, Radoje! Si wewe ndiye uliyeniambukiza?"

Sebule nzima ikacheka. Bibi hakucheka. Alisimama akiyasikiliza maneno yake mwenyewe, kisha akavaa koti, akatoka uani.

Veljko akamsogeza mtoto dirishani, amefunikwa vizuri, uso tu ukionekana. Bibi aliona kinywa kidogo kikifunguka, sauti hakuisikia. Akarudi nyuma mpaka kwenye mti wa plamu.

"Veljko! Fungua, nimsikie!"

"Mama, na upepo?"

"Fungua, nimesema! Na la jikoni pia, upepo uyatoe mafua ya Radoje yaliyomo humo."

Dirisha likafunguliwa. Mtoto alikuwa analia, kwa sauti nene ya marehemu babu yake.